Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: mafuta yanayopeleka ujumbe mwilini husafirije ndani ya damu?

Nafanya kazi ya maabara hapa Tanga mjini. Haipiti wiki bila mtu kunifuata na karatasi ya majibu ya kipimo cha mafuta, mara njiani Ngamiani, mara hata msibani, akitaka nimsomee. Tunaanza na kolesteroli, lakini hatuishii hapo. Mtu mwenye akili yake atauliza tu: kama damu ni maji, hayo mafuta yanapitaje? Na yanakwenda kufanya nini huko yanakokwenda? Hapa nimeweka maswali yanayorudi zaidi, pamoja na yale ya wanafunzi wanaokuja kwetu kujifunza kazi.

Mafuta ya ujumbe ndiyo yapi? Mimi najua mafuta ya kukaangia na mafuta ya mwilini.

Mwili unayatumia mafuta kwa kazi tatu. Ya kwanza ni akiba, yale yanayokaa kiunoni na tumboni. Ya pili ni ujenzi, maana ngozi ya kila seli imetengenezwa kwa mafuta. Ya tatu ndiyo watu wengi hawajawahi kuisikia: kupeleka habari. Seli moja inatoa molekuli ndogo ya mafuta, molekuli inasafiri, inafika kwenye seli nyingine yenye kipokezi chake, na seli ile inabadilisha inachokifanya. Inajikunja, inahama, inagawanyika au inaziba mwanya.

Baadhi ya wajumbe hao unawajua kwa majina. Kotisoli, estrojeni na testosteroni zote zinatengenezwa kutokana na kolesteroli, ileile tunayoisema vibaya kila siku. Wengine wanakatwa moja kwa moja kutoka kwenye ngozi ya seli: prostaglandini zinazoleta maumivu na homa, sfingosini-1-fosfeti ambayo kwa kifupi tunaiita S1P, na asidi ya lisofosfatidi, kwa kifupi LPA. Kiasi chake ni kidogo mno ukilinganisha na mafuta ya akiba, lakini mjumbe hapimwi kwa uzito.

Damu ni maji. Mafuta yanapitaje bila kujitenga?

Aliyewahi kukamua nazi ameshaliona jibu nusu. Tui likitoka kwenye kifumbu ni jeupe, mafuta na maji yamechanganyika. Liache usiku kucha kwenye friji, asubuhi utakuta mafuta yamepanda juu na kuganda, maji yamebaki chini. Yalikuwa yamesambaa tu, hayajayeyuka.

Kuna mama mmoja aliyekuja kupimwa mafuta asubuhi baada ya kunywa supu na chapati tatu. Hakuna aliyemwambia afunge. Nilipozungusha damu yake kwenye mashine, chembe nyekundu zikashuka chini kama kawaida, lakini plazma ya juu, ambayo hutakiwa kuwa na rangi ya njano iliyopauka na kuonyesha vidole vyako upande wa pili, ilikuwa na ukungu mweupe kama tui jepesi. Niliuhifadhi mrija ule kwenye friji mpaka kesho yake. Juu palikuwa na utando mweupe, kasimele kabisa. Yalikuwa ni mafuta ya kifungua kinywa, yamefungwa kwenye matone makubwa yanayotengenezwa na utumbo. Nikamwita arudi akiwa hajala kwa saa 12, na plazma ikawa safi.

Huo ni usafiri wa chakula. Wajumbe hawasafiri ovyo namna hiyo. Wanashikiliwa na protini, na kwa ujumla wana njia tatu. Wapo wanaobebwa na albumini, protini iliyo nyingi kuliko zote kwenye plazma. Wapo wenye protini yao maalumu, iliyoumbwa kuwashika wao na karibu hakuna mwingine. Na wapo wanaopanda lipoprotini, yale matone madogo yenye mafuta ndani na protini nje, ambayo kwenye karatasi yako yameandikwa HDL na LDL.

Albumini inabeba nini hasa?

Karibu kila asiye na wake. Inatengenezwa na ini, gramu 10 hadi 15 kwa siku, na mtu mzima mwenye afya ana gramu 35 hadi 50 katika kila lita ya plazma. Molekuli moja ina mifuko kadhaa ya kushika asidi za mafuta, ndiyo maana unapofunga Ramadhani na mwili ukaanza kuchoma akiba, asidi hizo zinatoka kwenye mafuta ya tumbo na kufika kwenye misuli na moyo bila kuuchafua mshipa. Inabeba pia LPA, karibu theluthi moja ya S1P, na sehemu ya homoni za steroidi.

Haichagui sana na haishiki kwa nguvu. Mzigo unapanda na kushuka kwa urahisi. Mtoto mwenye unyafuzi, mtu mwenye ini lililochoka, au mwenye figo zinazovujisha protini kwenye mkojo, wote albumini yao inashuka. Tunazoea kuangalia uvimbe wa miguu na uso kwa watu hawa. Tukumbuke pia kwamba wamepungukiwa na mchukuzi.

Hii S1P ina nini hata izungumzwe sana?

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kwangu hii ndiyo hadithi nzuri kuliko zote kwenye damu.

Jina lake lina asili ya ajabu. Mwaka 1884 daktari Johann Ludwig Wilhelm Thudichum, Mjerumani aliyefanya kazi London, alikuwa akichambua kemia ya ubongo. Akakuta kitu kisichofanana na mafuta mengine aliyoyajua, akakiita sfingosini, kwa Sfinksi wa hekaya za Kiyunani aliyewatega wapita njia kwa kitendawili. Kitendawili chenyewe kilikaa zaidi ya miaka 100 kabla watu hawajaelewa kwamba sfingosini ikiongezewa fosfeti moja inakuwa mjumbe.

S1P iliyo kwenye plazma inatoka kwa wingi kwenye chembe nyekundu za damu. Tulifundishwa shuleni kwamba chembe nyekundu ni mfuko wa kubebea oksijeni, hauna kiini, unaishi siku 120 na kufa. Kumbe kwa kuwa hauna kimeng'enya cha kuivunja S1P, unaitengeneza, unaitunza na kuitoa nje kupitia mlango maalumu kwenye ngozi yake. Seli zinazotandaza ndani ya mishipa nazo zinatoa sehemu yao. Kwa hiyo S1P ni nyingi kwenye damu, imepungua kwenye limfu, yaani maji yanayochujwa kutoka kwenye nyama za mwili na kupita kwenye tezi, na ndani ya nyama za mwili ni chache sana.

Tofauti hiyo ndiyo inayosomwa. Chembe nyeupe ziitwazo limfosaiti zinaishi ndani ya tezi za limfu, zile zinazovimba tukasema mtu ana mitoki. Limfosaiti inajuaje njia ya kutoka? Inafuata upande wenye S1P nyingi zaidi, kama nahodha anayefuata mwanga wa mnara. Dawa ya fingolimodi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2010 kwa ugonjwa wa neva uitwao multipo sklerosisi, inafanya kazi hapo hapo: inazizuia limfosaiti zisiisikie S1P, zinabaki ndani ya tezi na hazifiki kushambulia ubongo. Asili yake ni kemikali ya kuvu iliyokuwa ikitumika katika tiba za jadi za China.

Na S1P inabebwa na nani?

Karibu theluthi mbili hupanda HDL, nyingine inashikwa na albumini. Lakini si kila HDL inaibeba. Inahitaji protini iitwayo apolipoprotini M, iliyogunduliwa Lund, Sweden, mwaka 1999, na protini hiyo ipo kwenye takriban asilimia 5 tu ya chembe za HDL. Ina mfuko mmoja, na S1P inaingia humo kama mguu kwenye kiatu. Protini nyingi zinazotoka nje ya seli hukatwa kipande cha mwanzo kabla ya kuondoka. Hii hubaki nacho, na kipande hicho kinachopenda mafuta ndicho nanga yake kwenye HDL.

Ukitaka kuukisia ukubwa wake, HDL moja ina upana wa nanomita 7 hadi 13. Chembe nyekundu iliyo jirani yake ina upana wa nanomita 7,500 hivi.

Mzigo ni uleule. Kuna haja gani ya kujua umebebwa na nani?

Mwalimu mmoja wa Chumbageni aliniuliza hivi, na namshukuru, kwa sababu bila swali hili yote niliyoandika juu yanabaki kuwa orodha ya majina. Mchukuzi ni sehemu ya ujumbe. Anaamua mzigo utadumu muda gani, utashukia wapi, na ukishuka utapokelewaje.

Chukua S1P hiyohiyo. Ikifika kwenye ukuta wa mshipa ikiwa ndani ya apolipoprotini M, inaziamsha seli za ukuta zishikane vizuri na kuzuia maji yasivuje. Ikiletwa na albumini, kazi hiyo inafanyika kwa upungufu na haidumu. Mwaka 2011 watafiti walionyesha kwamba panya walioondolewa apolipoprotini M wanakosa S1P kwenye HDL, na mishipa ya mapafu yao inavuja, ijapokuwa albumini yao ipo palepale. Kwa binadamu, wagonjwa walioingiliwa na maambukizi makali ya damu huonekana kuwa na S1P ndogo kuliko watu wazima wa afya, na hao ndio ambao mishipa yao huvuja mpaka presha inaanguka.

Mfano mwingine ni wa kotisoli, na huu huwa nauona mzuri zaidi. Asilimia 90 au zaidi ya kotisoli kwenye plazma imeshikwa, nyingi yake ikiwa kwenye transkotini, protini yenye nafasi moja tu ya abiria. Kotisoli iliyoshikwa haiwezi kuingia ndani ya seli. Sasa, mtu akipata homa, joto likapanda kutoka nyuzi 37 kwenda 39, mshiko wa transkotini unalegea na kotisoli zaidi inaachiwa. Na kwenye kidonda au jipu, chembe nyeupe zinazopigana na vijidudu zinatoa kimeng'enya kinachoikata transkotini sehemu moja maalumu, nayo inabadilika umbo na kumwacha abiria wake hapohapo penye moto. Homoni ya kutuliza uvimbe inashushwa mahali penye uvimbe. Hakuna aliyeagiza kutoka kichwani. Mchukuzi mwenyewe ameumbwa aisikie hali ya mahali alipo.

Kwenye karatasi yangu HDL ni kubwa. Basi niko salama?

Si lazima. Na hili nalisema kwa uzito kwa sababu watu wanaitwa "wenye kolesteroli nzuri" na wanaondoka wakiwa wamelegeza kila kitu. Kipimo cha HDL kinahesabu kolesteroli iliyomo ndani ya chembe hizo. Hakisemi ni ngapi zina apolipoprotini M wala zimebeba S1P kiasi gani. Ni sawa na kuhesabu matanga pale Deep Sea bila kuchungulia ndani ya mashua kuona kama kuna samaki.

Dawa ya torsetrapibu ilipandisha HDL vizuri sana kwenye karatasi. Majaribio yake makubwa yalisimamishwa Desemba 2006 kwa sababu waliokuwa wakiimeza walikuwa wakifa zaidi kuliko wasioimeza. Dawa yenyewe ilikuwa na madhara mengine, pamoja na kupandisha presha, kwa hiyo si HDL pekee ya kulaumiwa, ila tangu hapo hakuna mtu makini anayeiangalia namba hiyo peke yake. HDL ndogo bado ni dalili ya kufuatilia, hasa ikiambatana na kisukari, presha au sigara. Lakini LDL ndiyo ambayo tumethibitisha kwamba ukiishusha unaokoa mioyo.

Prostaglandini nazo zinabebwa?

Karibu hazisafiri. Zinatengenezwa pale penye jeraha, zinafanya kazi palepale, na zinazoponyoka kama PGE2 hukutana na mapafu, ambayo huzivunja nyingi katika mzunguko mmoja tu. Mwaka 1971 John Vane alionyesha kwamba aspirini inafanya kazi kwa kuzuia utengenezaji wake, na mwaka 1982 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Sune Bergström na Bengt Samuelsson. Mjumbe wa jirani hahitaji chombo.

Natumia vidonge vya majira, nikapimwa kotisoli, ikaonekana juu. Nina ugonjwa?

Dada yangu, mwambie daktari kwamba unatumia vidonge, tena mwambie kabla ya kutolewa damu. Estrojeni iliyo kwenye vidonge vingi vya majira, na estrojeni ya mimba, inalifanya ini litengeneze transkotini zaidi. Wachukuzi wakiongezeka, kotisoli yote iliyo kwenye damu inapanda, wakati ile iliyo huru, inayofanya kazi, haijapanda kiasi hicho. Kipimo cha kawaida kinazijumlisha zote. Kwenye mate zinapita zile huru, ndiyo maana daktari anaweza kuomba kipimo cha mate au cha mkojo wa saa 24.

Testosteroni nayo ni hivyohivyo, ina protini yake inayotengenezwa na ini. Vitamini D pia, sehemu kubwa ina mchukuzi wake maalumu.

Kuna mtu anauza dawa ya kusafisha mafuta yote kwenye damu. Inafaa?

Nisikilize vizuri. Damu isiyo na mafuta yoyote ni damu ya maiti. Ukiondoa mafuta yote umeondoa kotisoli, homoni za uzazi, vitamini A, D, E na K, S1P inayoshikilia mishipa yako isivuje, na chakula cha moyo wenyewe. Anayekuuzia chupa ya namna hiyo ama hajui anachosema ama anajua na hajali. Nimewaona watu wakiacha dawa za presha na za kolesteroli walizoandikiwa ili wanywe chupa hizo, halafu wanarudi wamepooza upande mmoja. Inaniuma kila mara.

Kama LDL yako iko juu, kuna dawa zilizojaribiwa kwa watu wengi sana, ziitwazo statini. Zungumza na daktari wako, uliza madhara, uliza muda wa kurudi kupima.

Je, samaki anasaidia?

Samaki wenye mafuta, kama vibua, jodari na dagaa, wana asidi za omega-3. Zinaingia kwenye ngozi za seli zetu, na ngozi hizo zikikatwa kutengeneza wajumbe, baadhi wanatoka wapole zaidi: thromboksani inayotokana na omega-3 haigandishi damu kwa nguvu kama ile ya kawaida. Ila dagaa aliyezama kwenye mafuta yaliyokaangiwa mara tano ni habari nyingine.

Nimesikia HDL inaua vijidudu vya malale. Ni kweli?

Kweli, na kwa mji wenye kituo cha utafiti wa mbung'o na nagana ni jambo la kujua. Aina fulani ya HDL ya binadamu imebeba protini iitwayo apolipoprotini L1, inayotoboa kijidudu kinachoua ng'ombe kwa nagana. Ndiyo maana mchungaji anang'atwa na mbung'o yuleyule na haugui nagana. Kijidudu cha malale cha upande wetu wa Afrika Mashariki kimepata protini yake ya kuizima silaha hiyo. Si ujumbe wa mafuta huu, lakini chombo ni kilekile.

Naweza kupimwa S1P au LPA?

Si vipimo vya hospitali ya kawaida, popote duniani. Vinafanywa kwenye maabara za utafiti kwa mashine zinazopima uzito wa molekuli moja moja.

Kwa wanafunzi wangu: ugumu unaanza kabla ya mashine. Ukiiacha damu igande kwenye mrija wa kifuniko chekundu, chembe sahani zinamwaga S1P na LPA zikiwa zinagandisha, na utapima kilichozaliwa ndani ya mrija badala ya kilichokuwa kwenye mshipa. Tumia mrija wa kifuniko cha zambarau, wenye dawa ya kuzuia damu isigande. Hata humo, kimeng'enya cha ototaksini kinaendelea kutengeneza LPA taratibu plazma ikikaa mezani kwenye joto letu hili. Iweke kwenye barafu mara moja, izungushe mapema, tenga plazma bila kuzigusa chembe zilizo chini, kisha gandisha. Boksi likinifikia kutoka Pangani au Muheza, kabla sijalifungua nauliza damu ilitolewa saa ngapi, na kama mrija haukuandikwa saa, naurudisha.